Risiti ya Kodi Ina Jina la Nani?

Mara nyingi wanandoa huzungumza juu ya pesa, watoto, wakwe, na jinsi ya kupatana baada ya kugombana. Leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengi hawalitaji mpaka siku ya msiba. Jambo hilo ni nyumba ya kupanga. Mume au mke akifariki, yule anayebaki ana haki gani katika nyumba ambayo si yao, lakini ndiyo waliyolelea watoto?

Tuchukue mfano. Mume na mke wanaishi katika vyumba viwili Makutano, mjini Meru, au Majengo, mjini Embu. Mume ni makanika, mke anauza mboga sokoni. Wamekaa hapo miaka 9. Kila risiti ya kodi ina jina la mume, na kodi hutumwa kutoka simu ya mume. Mwenye ploti anamjua mume tu; mke humwita "mama watoto", basi. Mume anaugua na kufariki. Mke anakwenda kijijini kwa wakwe, Tigania au Runyenjes, kwa mazishi. Anakaa huko wiki 3. Anaporudi mjini anakuta kufuli ngeni mlangoni. Keateka anamwambia, "Mwenye nyumba alimpangisha baba watoto, hakukupangisha wewe." Kabla hajapumua, shemeji anafika na pikapu, anasema amekuja kuchukua vitu vya ndugu yake.

Mama huyu amefukuzwa mara mbili kwa siku moja. Kwanza amefukuzwa na mwenye nyumba, kisha amefukuzwa na watu wa mume wake. Wote wawili wanasema jambo moja: kwamba jina lililokuwa kwenye karatasi limekufa, na yeye hana jina. Je, ni kweli? La, si kweli. Sheria za Kenya hazisemi hivyo. Lakini sheria humsaidia zaidi yule aliyejitayarisha, na matayarisho hayo hufanywa na watu wawili wakiwa hai.

Nyumba ya kupanga nayo ni nyumba ya ndoa

Watu wengi hudhani kwamba nyumba ya ndoa ni ile iliyojengwa shambani tu. Nyumba ya mjini huiita "ya kukaa kwa muda", hata kama wamekaa miaka 20. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haifikiri hivyo. Inasema kwamba nyumba ya ndoa ni ile inayomilikiwa au iliyopangwa na mume, au mke, au wote wawili, na ambayo wanaitumia kama makao ya familia. Angalieni neno hilo: iliyopangwa. Chumba kimoja cha mabati, kama ndipo mnapolala na watoto wenu, ni nyumba ya ndoa mbele ya sheria.

Kutokana na hilo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba wakati ndoa ingali inaendelea, mume hawezi kumfukuza mke katika nyumba hiyo, wala mke hawezi kumfukuza mume, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Tunajua wanaume wanaokasirika, wakahama, kisha wakampigia simu mwenye ploti: "Silipi tena, mtoe huyo mwanamke." Mume wa namna hiyo anatumia mkono wa mtu mwingine kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe amekatazwa. Ugomvi wa ndoa una mahali pa kutatuliwa, nayo kufuli ya mwenye nyumba si mojawapo.

Lakini tusidanganyane. Haki hii haimwondolei mtu deni la kodi. Anayebaki ndani ya nyumba lazima kodi ilipwe. Sheria inalinda makao, hailipi kodi.

Mauti hayavunji upangaji

Sasa turudi kwa yule mwenye nyumba aliyesema kwamba alimpangisha marehemu tu. Wanaolipa kodi mwezi kwa mwezi wana mapatano na mwenye nyumba, hata kama hayakuandikwa popote. Mapatano hayo hayafi siku ile mpangaji anapofariki. Yanaingia katika mirathi yake pamoja na mali na madeni yake. Hata ile diposti aliyolipa alipoingia haiwi ya mwenye nyumba kwa sababu ya kifo.

Mwenye nyumba akitaka kuyamaliza mapatano hayo, lazima atoe notisi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba upangaji wa mwezi kwa mwezi humalizwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Notisi hiyo inapaswa kuisha siku ambayo kodi hulipwa. Ikiwa muda umeisha na mpangaji hajatoka, mwenye nyumba anakwenda mahakamani. Haruhusiwi kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji na stima, au kutupa vyombo nje ili mtu ahame mwenyewe.

Mjane akilipa kodi yeye mwenyewe, na mwenye nyumba akaipokea mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kusema neno, ana ushahidi mkubwa kwamba sasa yeye ndiye mpangaji. Ndiyo sababu ni muhimu kujua kodi inatoka simu ya nani.

Wazo hili kwamba nyumba ya kupanga ni makao ya familia, wala si ya jina moja, si geni. Mwaka 1915, wakati wa vita, wanawake wa mji wa Glasgow huko Uskoti walikataa kulipa kodi iliyopandishwa, na Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuzuia kodi kupanda. Mwaka 1920 sheria ya huko ikamhesabu mjane aliyekuwa akiishi na mume wake kuwa mpangaji. Katika jiji la New York, Marekani, mwanafamilia aliyeishi na mpangaji kwa angalau miaka 2 kabla ya kifo, katika nyumba ambayo kodi yake inadhibitiwa, anaweza kuendelea kukaa humo. Kote huko watu waliona jambo lile lile ambalo mama wa Makutano analiona: mauti yakija mlangoni, yasije na kufuli.

Nyumba za kodi ndogo

Kenya pia ina sheria ya kudhibiti kodi. Ni Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1959. Inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bungeni kumekuwa na miswada ya kuibadilisha, kama ule wa mwaka 2021. Kiasi hicho ni kidogo kwa maisha ya leo, na nyumba nyingi za mjini zimeshakipita. Lakini bado kuna familia zinazoishi katika chumba kimoja pembeni mwa miji ya Meru, Maua, Nkubu, Embu na Siakago, ambazo sheria hii inazihusu. Nazo ndizo familia zenye uwezo mdogo zaidi wa kuhama.

Kwa nyumba hizo kuna baraza maalumu la kuamua mashauri ya kodi. Mwenye nyumba hapati amri ya kumtoa mpangaji mpaka alionyeshe baraza sababu mojawapo iliyotajwa na sheria. Sababu hizo ni kama vile kodi kutolipwa, mpangaji kuharibu nyumba au kuwasumbua majirani, au mwenye nyumba kuihitaji nyumba kwa makao yake mwenyewe. Hata akiwa na sababu, baraza hutazama kama ni haki kutoa amri hiyo. Kifo cha mpangaji hakimo katika orodha ya sababu hizo. Uke wa mjane haumo. Maneno ya shemeji hayamo.

Tena katika nyumba hizo mwenye nyumba hawezi kukamata vyombo vya mpangaji kwa ajili ya deni la kodi bila ruhusa ya baraza. Na kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame, au ili alipe kodi kubwa zaidi, ni kosa la jinai. Ukiwa na shauri la namna hii, muulize karani wa mahakama ya Meru au ya Embu jinsi ya kulifikia baraza hilo. Kwa nyumba za kodi kubwa zaidi, mashauri hupelekwa katika mahakama za kawaida. Embu na Meru zote zina Mahakama ya Mazingira na Ardhi, pamoja na mahakama za mahakimu.

Nyumba za kazi

Kuna nyumba nyingine ambazo sheria ya kodi haizilindi. Hizo ni nyumba zinazotolewa pamoja na kazi: nyumba ya mwalimu shuleni, ya mfanyakazi wa kiwanda cha chai, ya muuguzi katika hospitali. Nyumba hiyo inafuata kazi, na kazi ikiisha, nyumba nayo inadaiwa. Familia inayoishi katika nyumba ya kazi isijidanganye kwamba itabaki humo. Jambo la busara ni mjane kumwandikia mwajiri mara moja, akiomba muda wa kuhama, kwa mfano mpaka watoto wafunge shule, na kuuliza juu ya mafao ya marehemu katika barua hiyo hiyo. Wanandoa wanaoishi katika nyumba kama hiyo wanapaswa kuulizana mapema: ikitubidi kutoka hapa kwa mwezi mmoja, tutakwenda wapi?

Vitu vya ndani ni vya nani?

Sasa tumgeukie shemeji na pikapu yake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kuna wilaya ambazo ziliachiwa zifuate mila katika urithi wa mashamba na mifugo, na Isiolo, jirani zetu, ni mojawapo. Meru na Embu hazimo. Kwa hiyo mtu wa Meru au Embu asiyeandika wosia anarithiwa kwa kufuata sheria hii, hata kama ukoo unasema vingine.

Sheria inasema kwamba mtu akifariki bila wosia, akaacha mke au mume na watoto, vyombo vya nyumbani vinakuwa vya yule aliyebaki moja kwa moja. Kitanda, viti, sufuria, redio, nguo, hata chakula kilichomo ndani, vyote ni vyake. Havigawanywi. Gari na vifaa vya kazi ya marehemu havihesabiwi kuwa vyombo vya nyumbani. Kwa hiyo spana za yule makanika zinaingia katika mirathi, na hata hizo shemeji hana ruhusa ya kuzichukua kwa mkono wake.

Kwa nini? Kwa sababu kifungu cha 45 kinamkataza mtu yeyote kushika, kuchukua au kuuza mali ya marehemu bila kibali cha mahakama au cha sheria. Anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Akina kaka wengi hawajui kwamba ile safari ya pikapu baada ya mazishi ni kosa la kufungwa. Waambieni kwa upole, mkiwa na mzee anayeheshimiwa, kabla hamjakwenda polisi. Mara nyingi inatosha.

Familia ikiwa ndiyo yenye ploti

Wako pia wasomaji ambao ndio wenye nyumba. Mume amejenga vyumba 10 vya kupangisha, akafariki. Kesho yake ndugu mmoja anapita mlango kwa mlango akiwaambia wapangaji, "Kuanzia mwezi huu kodi mtanilipa mimi." Huko nako ni kuingilia mali ya marehemu. Kama kuna haraka, mahakama inaweza kutoa kibali cha muda cha kukusanya na kuhifadhi mali, ili kodi isipotee na nyumba zisiharibike kabla ya mirathi kukamilika.

Kisha yafanyike yale ambayo watu wengi huyaita saksesheni. Mtu hupata barua ya chifu inayowataja warithi, anapeleka maombi mahakamani, nayo maombi yanatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa kawaida mgao huthibitishwa baada ya miezi 6 tangu kibali kutolewa. Mke au mume aliyebaki ndiye anayetangulizwa kuwa msimamizi. Mali isipokuwa ya thamani kubwa, si lazima kwenda Mahakama Kuu. Tangu sheria ya mwaka 2015, hakimu mkuu anaweza kusikiliza mirathi ya mali isiyozidi shilingi milioni 20, na mahakimu wa ngazi za chini wana viwango vyao.

Kodi ya vyumba hivyo 10 mjane ana haki ya kuitumia maisha yake yote, na watoto wanakuja kuzigawana nyumba baadaye, wasichana sawa na wavulana. Kuuza hawezi kwa uamuzi wake peke yake. Kwa kuwa ni nyumba, inahitajika ridhaa ya mahakama. Kama marehemu alikuwa na wake wawili, mali hugawanywa kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba pamoja na mama yao.

Sheria ya Urithi iliongeza kwamba mjane akiolewa tena, haki yake ya kutumia mali inakoma, lakini mwanamume aliyefiwa akioa tena haikomi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu mjini Meru ilitamka kwamba kifungu hicho kinambagua mwanamke na kinapingana na Katiba. Mama anayeambiwa, "Ukiolewa tu, toka," ajue kwamba jambo hilo limekwisha kuamuliwa hapa hapa kwetu.

Wazee wa ukoo

Je, tuwapuuze wazee? Hapana. Huko Meru wazee wa Njuri Ncheke, na wazee wa koo kote Meru na Embu, wamepatanisha familia nyingi ambazo mahakama ingezitenganisha. Katiba ya mwaka 2010 inatambua njia za jadi za kutatua ugomvi. Lakini inaziwekea mpaka: zisivunje haki za binadamu. Kwa hiyo wazee wanaweza kukaa na familia na kuipatanisha. Hawawezi kumtoa mjane katika nyumba yake, wala kumnyima binti urithi kwa sababu ni binti. Ukikaa nao, kaa na mtu wako, na yaliyokubaliwa yaandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ndoa isiyo na karatasi

Hapa tunawageukia wale wanaoishi pamoja bila ndoa, ile inayoitwa "njoo tukae". Haki zote tulizozitaja zinasimama juu ya swali moja: wewe ni mke wa marehemu? Mwenye cheti cha ndoa, cha kanisani au cha serikalini, anajibu kwa karatasi moja. Aliyeolewa kimila anahitaji mashahidi wa mahari. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya kimila nayo yapasa kuandikishwa. Asiye na lolote kati ya haya anabaki akiiomba mahakama idhanie kwamba kulikuwa na ndoa. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba dhana hiyo itumike mara chache tu, na kwa ushahidi mzito. Hebu fikiri: umezaa watoto 4 na mtu, halafu siku ya msiba unaanza kutafuta majirani wa kuthibitisha kwamba mliishi pamoja. Kama mmekuwa mkiahirisha, nendeni kwa paroko au kwa msajili wa ndoa mwezi huu.

Fanyeni haya mkiwa hai

Wanandoa wapendwa, mambo yafuatayo hayahitaji wakili, na mengi hayahitaji pesa.

1. Mwombeni mwenye nyumba aandike majina yenu wote wawili kwenye mapatano na kwenye risiti. Akikataa, mwandikieni barua fupi ya kumjulisha kwamba ninyi ni mume na mke na mnaishi wote humo. Hifadhini nakala.

2. Lipeni kodi kwa zamu. Mwezi huu itoke simu ya mume, mwezi ujao ya mke, hata kama pesa ni za mfuko mmoja. Msifute ujumbe wa malipo.

3. Wekeni mahali pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala za vitambulisho, risiti ya diposti na mapatano ya nyumba. Wote wawili mjue mahali hapo, na mtu mmoja mnayemwamini ajue pia.

4. Mke ajue namba ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba amjue mke kwa jina lake.

5. Andikeni wosia. Unatosha kuwa wa ukurasa mmoja, uliotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Kuandika wosia hakuiti kifo. Kunaondoa ugomvi.

6. Kama nyumba yenu ya kijijini imejengwa juu ya shamba ambalo hati yake bado ina jina la babu, mume aanze sasa kufuata mirathi ya babu. Asipofanya hivyo, mjane atalazimika kudai kwanza fungu la mume wake katika mirathi ya wengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku ya msiba yenyewe

Kamati ya mazishi hukaa kupanga bajeti: jeneza, gari, chakula, maturubali. Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya akina mama waongeze mstari mmoja katika bajeti hiyo: kodi ya nyumba ya mjane kwa mwezi huu na mwezi ujao. Kiasi hicho mara nyingi hakifiki bei ya maturubali. Kodi ikiwa imelipwa, mwenye nyumba hana sababu, na mjane anapata muda wa kulia na kufikiri.

Ndugu mmoja mwaminifu amtumie mwenye nyumba ujumbe siku ile ile, kumjulisha juu ya kifo na kumwambia kwamba familia inaendelea kukaa. Mjane asitie sahihi karatasi yoyote katika majuma ya kwanza, wala asitoe funguo "za kuangalia nyumba". Akikuta kufuli, apige picha, aite majirani kama mashahidi, aende kwa chifu na polisi, kisha mahakamani kuomba amri ya kurudishwa. Asihame kwa aibu. Akitoka mwenyewe, kurudi ni kazi kubwa.

Na wewe mwenye ploti unayesoma hapa, kumbuka kwamba mjane aliyepewa miezi miwili ya kujipanga mara nyingi huwa mpangaji mwaminifu zaidi kuliko mgeni utakayemtafuta. Mwite, kaa naye, mwandike jina lake kwenye risiti.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

Je, mwenye nyumba wetu anajua majina yetu wote wawili?

Mmoja wetu akifariki leo, kodi ya mwezi ujao italipwa na nani, na kwa pesa zipi?

Ndugu zetu wamewahi kusikia kutoka kinywani mwetu kwamba vitu vya nyumba hii ni vya mke, au mume, na watoto? Ni nani kati yao tutakayemwambia kwanza?

Karatasi zetu ziko wapi usiku huu?